Mama Hilda Aliyetaja Ng'ombe Wake

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Hilda Ndahani atakuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja katika Mradi wetu wa Kiingereza kwa Jamii, na siku hiyohiyo atakabidhi funguo za ofisi ya Nzuguni na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kitabu cha hafla. Kamati ilinipa kurasa mbili na kunisihi niandike mambo ya kufurahisha. Kurasa nimezizidisha. Ya kufurahisha nitayaweka mwanzoni, maana nikianza na lile la Haneti sitaweza kuyarudia.

Kwa wageni wasiotufahamu: mradi wetu hupokea watu wa kujitolea kutoka nchi za nje, ambao huishi na familia za vijijini na kufundisha Kiingereza bila malipo, watoto alasiri na watu wazima jioni. Wao wenyewe ndio hupanga madarasa na kutafuta vitabu. Kazi ya Mama Hilda, mratibu wa vijiji, ilikuwa kuwapokea, kuwafundisha Kiswahili cha kuombea maji na kusalimia wakubwa, kuwatafutia nyumba za kukaa, na kusimama katikati kila walipokosana na wenyeji. Vijijini walimwita Mama wa Wazungu, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Alisema watoto wake anawajua na hakuna hata mmoja anayebabuka kwa jua.

Alizaliwa Mvumi, akasomea ualimu, akafundisha shule ya msingi Chamwino hadi alipokuja kwetu mwaka 2004, wakati mradi ulipokuwa chumba kimoja cha kupanga na baiskeli mbili. Alimkuta mjitolea mmoja tu, jaji mstaafu kutoka Kanada, mzee mwenye mvi, ambaye alikuwa amejifunza neno shikamoo na kulipenda mno. Alimwamkia kila aliyekutana naye, watoto wa chekechea wakiwemo. Mama Hilda hakumsahihisha. Aliwafundisha wale watoto kuitikia marahaba kwa sauti nzito, na mtaa ukafurahi karibu mwezi mzima mpaka jaji alipogundua mwenyewe.

Yeye pia ndiye aliyeliokoa darasa la watu wazima la Makutupora. Kila msimu wa mavuno ya zabibu darasa lilibaki na mwalimu na ubao wake. Wajitolea wakalalamika kwamba watu hawathamini elimu. Mama Hilda akawapakia kwenye pikapu ya ofisi, akawashusha katikati ya shamba, akawaambia wachume na kufundisha hukohuko. Walirudi shingo zimeiva, lakini darasa lile lina wanafunzi hadi leo. Na kama kuna mgeni aliyewahi kujaribu kula mlenda, ile mboga ya kuteleza, kwa uma mbele yake, anajua alivyoweza kucheka.

Basi, ya kufurahisha ndiyo hayo.

Kila kundi jipya la wajitolea lilikaa naye siku kadhaa hapa Nzuguni kabla ya kwenda vijijini, na kila kundi lilipewa makatazo yaleyale. Msimpige mtu picha bila ruhusa. Mkikaribishwa maji, msikatae. Msimuulize mtu mzima ana ng'ombe wangapi. Hilo la mwisho hakuwahi kulifafanua. Akiulizwa sababu alijibu tu kwamba haiulizwi, kisha akaendelea na somo.

Mimi ni mtu wa Bukoba, nimelelewa kwenye migomba, na ilinichukua muda mrefu kuelewa. Huku Dodoma mfugaji halazi ng'ombe wake wote mahali pamoja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa kijiji kingine. Rafiki huyo huwachunga, hunywa maziwa, hutumia mbolea, na wapita njia wakiona zizi limejaa hudhani ndiye tajiri. Ugonjwa ukipiga huku, kule wanabaki. Ndugu mwenye tamaa akija kuomba, huonyeshwa zizi lenye ndama wawili na mbuzi mgonjwa. Siri hiyo wanaijua mwenye mali na mtunzaji, pamoja na watoto wanaochunga, ambao hufundishwa mapema sana kwamba ya zizini hayatoki nje.

Mama Hilda naye alikuwa na wake. Mume wake Obedi alipofariki mwaka 2009, shemeji zake, wakiongozwa na Mzee Bartolomayo, walichukua shamba na nyumba kabla kaburi halijakauka. Kilichobaki kilikuwa ng'ombe wachache ambao Obedi alikuwa amewapeleka kwa rafiki yake Elieza, mfugaji wa Haneti, na Bartolomayo hakuwajua. Mama Hilda akanyamaza. Kila alipopata akiba kwenye mshahara wake alinunua mwingine mnadani na kumpeleka kwa Elieza vilevile. Walizaana. Baadaye sana, yalipokwisha kutokea ya kutokea, aliniambia kwamba ile ndiyo ilikuwa pensheni yake yenye mikia. Kwa hao alikusudia kujenga nyumba yake mwenyewe na kuzeeka bila kumpigia mtu magoti. Hakuwa na kingine cha kutegemea.

Mwaka 2019 tulikuwa na wajitolea watatu Haneti, wakiongozwa na Maren, mwalimu kijana kutoka Denmaki. Sema utakavyo kumhusu Maren, lakini mvivu hakuwa. Aliamka kabla ya kuku na alimjua kila mtoto kwa jina na kwa jina la bibi yake. Mwezi wa nane, Mama Hilda akiwa Makutupora kwenye darasa la zabibu, Maren alifika kwenye somo la kusema kitu hiki ni cha nani. Akaona, kwa nia njema kabisa, kwamba watoto watajifunza upesi wakizungumzia kitu wanachokifahamu kuliko yeye. Akawaambia wazungumzie mifugo ya nyumbani. Hakumuuliza mtu mzima yeyote. Katazo alilishika barabara.

Watoto nao walikuwa na hesabu yao. Walikatazwa kusema ya zizini kwa Kigogo, lugha yao ya nyumbani, na walijua kwamba Kiswahili nacho kila mtu anakisikia. Lakini Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya darasani, isiyovuka mlango. Waliona kwamba ukilisema jambo kwa Kiingereza bado hujamwambia mtu. Wakasema yote, kwa furaha, na Maren akawasifu kwa sentensi ndefu.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi. Ukumbi wa kanisa ulijaa, na mimi nilikuwepo nikigawa soda. Mama Hilda alifika moja kwa moja kutoka Makutupora, vumbi mpaka kwenye kope, akasimama nami mlangoni. Watoto walikuwa wameshaanza. Mmoja baada ya mwingine alisimama, akasema sentensi zake kwa Kiingereza, wazazi wakapiga makofi kwa nguvu bila kuelewa neno. Mimi nilielewa: walitaja ng'ombe wa nyumbani na kwamba ni wa nani, ila sikuona ubaya. Nilimgeukia Mama Hilda kumwambia jinsi watoto wanavyojua kueleza, nikaona uso wake umebadilika. Chupa aliyoshika aliiweka chini taratibu, akaanza kupenya katikati ya mabenchi kuelekea mbele.

Hakufika. Mgeni rasmi, diwani, alisimama na kuomba, kwa heshima na taadhima, kwamba ili wazazi nao wafaidi, watoto watafsiri kwa Kiswahili. Makofi tena. Maren akatabasamu na kumwita aliye bora kuliko wote, Gladness, binti wa Elieza, mwenye miaka kumi na mmoja. Gladness alisita. Alimtazama baba yake, akamtazama mwalimu. Mtoto aliyefundishwa kumtii kila mkubwa, wakubwa wenyewe wakiwa upande huu na upande ule, afanye nini? Diwani akamwambia asiogope.

"Nyumbani kwetu kuna ng'ombe wengi," alisema Gladness. "Wachache ni wa baba. Wengi ni wa Mama Hilda."

Kisha benchi likalia, na mama mmoja akamvuta mwanawe kwa shati kumtoa kwenye mstari, na mwingine akafuata, na dakika hiyohiyo wazazi wote walikuwa wamesimama wakiita watoto wao. Kwenye madirisha walikuwepo vijana wa sekondari waliosikia na kuelewa zile sentensi za mwanzo. Kila mtu alijua kwamba wanajua. Kulikuwa na baba aliyekuwa amemwambia mkwewe hana ng'ombe wa mahari. Kulikuwa na ndugu waliogawana urithi wakaapa kwamba ndio huo tu. Katika benchi la pili Mzee Bartolomayo, aliyekuja kumsikiliza mjukuu wake, alikuwa bado ameketi, peke yake, kofia mkononi, akimtazama Mama Hilda.

Maren alinishika mkono akaniuliza nini kimetokea. Nikamwambia anisaidie kwanza kuwapitisha watoto mlangoni.

Kabla jua halijazama Bartolomayo alikwenda kwa Elieza na kuweka vijana wawili kwenye lango la zizi. Alisema hakuna ng'ombe atakayeondoka mpaka ukoo ukae. Elieza akawa anapeleka mifugo lamboni kunywa maji huku vijana wale wakimfuata nyuma, katika kijiji chake mwenyewe, mbele ya majirani. Hakumpiga Gladness, lakini aliacha kusema naye. Mtoto alipika, akaosha vyombo, akapita mbele ya baba yake kama kivuli. Jumapili mlango wa ukumbi ulikutwa na kufuli ambalo hakuna aliyekiri kuliweka. Nyumba walizokaa wajitolea zilileta chakula kama kawaida, cha moto na cha kushiba, ila hakuna aliyekaa kula nao. Anayeijua Haneti anaelewa uzito wa jambo hilo.

Jumatatu mtendaji wa kijiji alitupigia simu. Mkutano wa kijiji ungefanyika Jumatano, ajenda moja: mradi ufungwe na Wazungu waondoke. Na sote tulijua kwamba Haneti ikifunga, vijiji jirani vitafuata, maana habari ya namna hiyo haihitaji pikipiki ili ifike.

Tulikaa ofisini Nzuguni, Mama Hilda, mkurugenzi wetu Bwana Octavian, Maren na mimi. Bwana Octavian atakuwa meza kuu siku ya hafla na ameniruhusu niandike hili, ingawa aliniomba nitumie busara. Busara imeishia hapa. Alikuja na mpango, na lazima niseme ulikuwa mzuri kwenye masikio. Mama Hilda asimame mkutanoni aseme kwamba zile zilikuwa sentensi za mazoezi tu, za kubuni, kama vile mtoto anavyoandika kwamba ana ndege au bahari. Hana ng'ombe Haneti, hakuwahi kuwa nao. Kila mzazi pale angekubali haraka, kwa sababu kila mzazi alikuwa na lake la kufunika. Bartolomayo angekosa la kushika. Mradi ungepona.

Maren alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba yuko tayari kusema yeye ndiye aliyetunga sentensi zote. Alikuwa hajalala tangu Jumamosi na macho yake yalikuwa mekundu.

Mama Hilda akatueleza kile ambacho kwa miaka yote alikuwa akikikatisha kwa neno moja. Ng'ombe aliyepelekwa kwa rafiki hana hati. Ana maneno tu. Mwenye mali akisimama mbele ya kijiji akasema hana kitu kwa fulani, basi hana. Elieza ni mtu mwaminifu, lakini Elieza ana ndugu, ana wana, na kesho anaweza kufa. "Nikiwakana Jumatano," alisema, "nimewatoa. Na yule mtoto atakuwa mwongo wa kijiji mpaka aolewe, wakati amesema kweli."

Bwana Octavian akamwambia, "Lakini Mama Hilda, ukisema wako ni kweli, umesema na wa wenzako wote ni kweli."

"Ndiyo maana sijajua nitasema nini, baba," alijibu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona mwanamke huyu ameogopa.

Jumatano watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni niandike muhtasari. Wajitolea waliwekwa benchi lao peke yao, juani. Wasemaji wa mwanzo walikuwa wakali. Mmoja alisema Wazungu wametumwa kuhesabu mifugo ili ardhi ichukuliwe. Mwingine alisema wamewapokea watu hawa kama watoto wao, wakawapa vitanda, na hao watoto wamekwenda kupekua chini ya vitanda. Maren alielewa kila neno. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

Kisha Mzee Bartolomayo akasimama. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Shemeji," alimwambia Mama Hilda, "tulipomaliza matanga ya Obedi nilikuuliza mimi mwenyewe mbele ya wazee: ameacha nini? Ukaniambia ameacha watoto na jembe. Hawa ng'ombe basi wametoka wapi? Walinyesha na mvua?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Siwezi kusema mzee yule hakuwa na hoja. Aliuliza ndugu yake ameacha nini, akadanganywa, na alikuwa na haki ya kuumia. Kwamba yeye alichukua nyumba kabla ya kuuliza hakulikumbuka siku ile.

Akaendelea. "Na huyu si peke yake. Watoto walisema mengi Jumamosi. Mimi naomba waitwe wote, wasimame hapa, warudie kwa Kiswahili. Tujuane."

Hapo wale wakali wa mwanzo wakawa kimya ghafla. Mwenyekiti alitazama huku na huku. Walikuwepo wachache wasio na la kuficha, na walikuwepo wanaodai mahari, nao wakaanza kusema ndiyo, waitwe, waitwe. Sauti zikaongezeka. Mwenyekiti akamwashiria mtendaji, na mtendaji akaenda upande walikokuwa wamekaa watoto. Waliinuka mmoja mmoja, wamevaa nguo zao za kanisani, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Gladness. Niliwaona kina mama wakishikana mikono. Mwanamume mmoja mbele yangu, mtu mzima, alikuwa akisema chinichini, Mungu wangu, Mungu wangu. Nyumba kadhaa zingevunjika mchana ule, na hazingejengwa tena.

Mama Hilda akasimama.

"Mwenyekiti, naomba watoto wakae kwanza. Jua ni kali." Akasubiri mpaka wakakaa. Ndipo akamgeukia Bartolomayo. "Shemeji, mtoto wa Elieza hakusema uongo. Wale ng'ombe ni wangu. Wengine wametoka kwa marehemu, wengine nimewanunua kwa jasho langu. Niliwaficha kwa sababu mlinifukuza kwenye nyumba nikiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Ulitaka ukoo ukae. Ukae. Watakachogawa wazee nitakikubali, siendi mahakamani, siendi popote. Nina neno moja tu. Hakuna mtoto mwingine atakayesimamishwa hapa, leo wala kesho. Yaliyosemwa siku ile yaishie kwangu."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: je, Wazungu?

"Wazungu niliwakataza bila kuwaeleza," alisema. "Nilinyamaza kwa ajili ya wale ng'ombe wangu. Kosa ni langu, si lao."

Bartolomayo alikuwa amekuja na vita mkononi, na sasa alipewa alichokitaka bila vita, kwa bei ya kuwaachia wengine siri zao. Alimtazama mwenyekiti, akawatazama watoto, akavaa kofia yake. Nilikuwa nimeacha kuandika.

"Nimekubali," alisema.

Mwenyekiti alifunga mkutano haraka kama mtu anayezima moto, na ile ajenda ya kuufunga mradi hakuna aliyeitaja tena. Kesho yake kufuli la ukumbi halikuwepo. Nani aliliondoa hatujui hadi leo.

Wazee wa ukoo walikaa wiki iliyofuata. Mama Hilda aliachiwa wale tu ambao angeweza kumtaja aliyemuuzia, na minada ina watu wengi, miaka ni mingi, mashahidi wengine wamekufa. Wakaenda zaidi ya nusu. Alikwenda mwenyewe siku ya kuwatenga, na mimi nilimsindikiza. Aliwaita kwa majina ili watoke kwenye kundi bila kupigwa. Kulikuwa na jike mmoja mwekundu ambaye kila aliposwagwa kwenda upande wa Bartolomayo aligeuka na kumfuata yeye, kwa sababu aliisikia sauti. Bartolomayo akamwomba, kwa upole, anyamaze. Akanyamaza. Jike akaenda.

Njiani kurudi Nzuguni, tulipofika lami, akaniuliza kama nimeshaagiza chaki za muhula mpya. Nililia mimi, siyo yeye, na alinipa kitambaa chake akaniambia watu wa Bukoba wamezoea mvua.

Baada ya hapo alifanya kazi kama mtu aliyeanza jana. Maren alitaka kurudi kwao. Mama Hilda alimkatalia kuondoka kwa aibu, akamchukua nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akimtanguliza mlangoni na kumwacha aseme mwenyewe. Maren alikaa mpaka mkataba ukaisha, na kwenye nyumba ya mwisho walimchinjia kuku. Gladness alirudishwa darasani siku ya kwanza akiwa ameshikwa mkono na Mama Hilda, baba yake, Elieza, akitembea upande wa pili. Siku hizi hakuna somo linalokwenda kijijini kabla ya kupitiwa na wazazi watatu, na wajitolea wapya wanaelezwa katazo la ng'ombe kwa saa nzima, pamoja na sababu, na kama wana maswali wanajibiwa. Kutoka vijiji vinne tumefika kumi na viwili. Hayo ni mafanikio, na kamati ilinitaka niyataje, nimeyataja.

Nyumba yake Haneti imekwisha, ndogo kuliko aliyoikusudia, bati na madirisha manne. Mwezi uliopita nilikwenda kumpelekea mwaliko wa hafla hii, maana alikuwa likizo. Nilimkuta Elieza akimsaidia kuongeza miti kwenye zizi. Nilitegemea zizi la mtu aliyebakiwa na wachache. Lilikuwa limejaa mpaka wengine wamelala nje ya uzio.

Nilianza kuhesabu, nikajikumbuka, nikatazama pembeni.

Elieza ndiye aliyenieleza tukiwa njiani kwenda kwenye gari, tena kwa maneno machache. Tangu zizi lilipojengwa watu wanaleta. Huyu anakuja na wawili asubuhi, yule anakuja na mtamba baada ya ibada. Hawatoi maelezo, wanasema tu, Mama, nilazie hawa kwako. Nikamuuliza ni watu gani. Elieza akacheka, akaniambia nimekaa Dodoma miaka yote hii na bado nauliza maswali ya Maren. Lakini akaongeza kwamba niwakumbuke wale watoto waliovaa nguo za kanisani, ambao siku ile waliambiwa wakae, na wazazi wao.

Mzee Bartolomayo naye tumemwalika. Hajajibu.

Mama Hilda, kwa niaba ya wafanyakazi wa Nzuguni, wajitolea waliopita mikononi mwako na familia zilizowapokea, tunasema asante. Umetufundisha kusalimia, kusubiri na kuomba radhi. Unatoka kazini ukiwa na wako wachache, katikati ya kundi kubwa la watu waliokuamini, na kuanzia sasa hakuna mtu Haneti nzima anayeweza kutazama zizi lako akajua wako ni wapi. Pumzika salama, uamke kwa sauti ya ng'ombe na siyo ya simu yetu, na lango lako lisikose wa kubisha hodi.

Evodia, Ofisi ya Utawala, Nzuguni